Unga wa Jeneza

Mguu mmoja wa mbawakawa ulitosha. Khavere aliuponda maabarani, akasoma DNA yake, kisha akailinganisha na ya mbawakawa wa dunia nzima. Sasa alikuwa amerudi Makadara kwa fundi aliyemkamatia yule mdudu, fundi yuleyule aliyetengeneza jeneza la mama yake.

“Mdudu wako asili yake ni Asia, fundi. Hutoboa hadi miti iliyo hai. Alifikaje hapa?”

Fundi akagonga rundo la mbao. “Si ndani ya hizi? Ni za paleti, vile vichanja vya mbao vinavyokuja na mizigo ya meli, madam. Majeneza yangu yote natengeneza nazo.”

Khavere akainamia ubao mmoja. Ulikuwa na tundu dogo la mviringo, safi kama limetobolewa kwa sindano. Akalikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe ukamdondokea kiganjani, laini kuliko poda.

Aliujua unga huo. Aliupangusa kwenye kifuniko cha jeneza la mama, siku lilipolazwa uani chini ya mti wa avokado ili watu wapite wakimuaga.

Akampigia kaka yake simu kule nyumbani. “Ule mti wa avokado uko sawa?”



“Umekauka nusu. Nani amekuambia?”