Mtoto wa Kikapuni

Kikapu kilining'inia juu ya moto jikoni kwa miaka arobaini na minne, kimekuwa cheusi kwa moshi, na Mama Ruti hakuruhusu mtu akishushe.

Pale kijijini Ruanda habari yake ilijulikana. Ruti alizaa mapacha nyumbani. Mmoja alikuwa na mwili wake, mwingine mdogo kama kinda la njiwa. Yule mdogo akalazwa kwenye kikapu cha kuchumia kahawa, akafunikwa pamba, akatundikwa karibu na joto mpaka akashika uhai. Yupi? Mama mkwe alimkataza Ruti kumtaja, asije mtoto akakua akijiona nusu mtu. Ruti akatii.

Watu wakajiamulia wenyewe. Osea alikuwa na kifua kama mlango. Luka alikuwa fito.

Msimu wa kahawa wa 2012, nesi Imelda alikuja penye mzani wa kahawa akiwa na kipimo cha presha.

"Aliyezaliwa na uzito mdogo, mishipa yake ya damu inaweza kukakamaa mapema," alisema. "Haumwi kitu, halafu siku moja anaanguka. Aje nimpime, hata kama leo anajiona ana nguvu."

"Luka, unaitwa!" Osea alipaza sauti, gunia begani. "Mtoto wa kikapuni!"

Watu wakacheka. Luka naye akacheka, alishazoea. Akakaa, akapimwa.

"Safi kabisa. Presha ya kijana."

"Kumbe moshi ni dawa!" Osea akasema.

"Na wewe pacha wake?" Imelda akamuuliza.

"Mimi nilimmalizia mwenzangu chakula tumboni, sista. Unipime nini?"

Mama Ruti alikuwa pembeni anachambua kahawa. Akainuka.

"Osea, kaa upimwe."

"Mama, magunia yananingoja."

"Kaa, baba. Nakuomba."

"Mbele ya watu wote hawa? Mimi si mgonjwa."

Ruti akafungua mdomo. Akawatazama watu, wote wanamsikiliza. Akaufunga.

Jioni alimpakulia Osea kwanza, ugali mpaka unapita ukingo wa sahani, kama alivyofanya tangu wakiwa wadogo. Luka akapewa uliobaki. Mama hakula.

"Kesho nenda kwa yule nesi," akamwambia Osea.

"Kahawa ikiisha, mama."

Siku ya tisa baada ya hapo Osea alianguka penye mzani, gunia likamlalia. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Hakufika hospitali.

Siku ya maziko Luka alikuwa ameshika koleo, anangoja ishara ya mchungaji, watu walipopisha njia. Mama yake alikuja taratibu, masizi yamemjaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Alipiga magoti ukingoni mwa kaburi, akakishusha kikapu juu ya jeneza.

"Chukua kitanda chako, baba," akasema.