Nywila ya Kanga

Kwa ukarimu, Kanga hakuwa na mwenzake. Aliponunua kisanduku cha intaneti na kamera ya kulindia mayai yake, aliiacha nywila ya kiwandani, ile ile ya kila kisanduku mtaani.

"Nikiibadilisha, wageni watasema nina roho mbaya," alimwambia jirani yake Nungunungu, ambaye hakumwamini mtu.

Asubuhi moja nywila ikakataa. Kanga akatoka nje akifoka, kumbe nyuma ya ua amejibanza Kicheche, mla mayai, na simu mkononi.

"Na wewe imekukataa?" Kanga akamuuliza.

"Tangu alfajiri! Sasa nitaonaje kwenye kamera yako kama umetoka?" Kicheche akashtukia alichokisema, akatimua mbio.

Kanga akakimbilia mayai. Yote yalikuwapo. Akashusha pumzi.

"Nimeibadilisha mimi," Nungunungu akasema kutoka barazani kwake. "Nimeingia kwako kwa nywila ile ile, bila hata kuinuka kitini."

"Mungu akuweke, jirani! Haya, niambie hiyo mpya."

"Ngoja kwanza Kicheche afike mbali. Nakujua wewe, utamwita umpe na yeye."