Jezi ya Juu Kabisa

Nyundo alisimama kwenye kituo cha tatu, amevaa jezi za timu nzima, moja juu ya nyingine, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. Katika ligi hii ya besiboli, anayekosa mpira hutoweka palepale, ikabaki jezi yake mchangani. Alikuwa amebaki peke yake.

"Mpigaji anayefuata," mwamuzi akaita.

Hakuwepo. Nyundo akikiacha kituo akapige mwenyewe, ametolewa. Asipojitokeza mtu, timu inafutwa, na yeye ndani yake.

Mama yake akashuka kutoka jukwaani, kandambili zikimpiga visiginoni, akaja moja kwa moja mpaka pale kituoni.

"Mama, rudi ukakae."

"Nivulie hiyo ya juu."

Ilikuwa ya kaka yake Nyundo, aliyetoweka muda mfupi uliopita.

"Hujawahi hata kushika gongo, mama."

"Na wewe hujawahi kunisikiliza. Inua mikono."

Jezi ilikuwa imemganda mwilini. Mama akaivuta taratibu, kama alivyokuwa akiwavua sare za shule. Akainusa, akaivaa, kisha akamning'inizia Nyundo mkoba wake begani.

"Nishikie," akasema. "Funguo za nyumba zimo humo."