Zabibu za Kioo

"Bibi, kifuniko hicho usikiguse, utanivunjia," alisema muuzaji.

Roswitha hakumsikiliza. Miaka thelathini alikuwa akizunguka magulio ya Sonneberg, akivua vifuniko vya bati vya kutundikia mapambo ya zamani ya Krismasi, na kishada hiki cha zabibu za kioo hakuwa tayari kukiruka. Alikivuta kifuniko taratibu kwa kucha, kikatoka.

Kishingo cha kioo chini yake kilikuwa kimekatwa mshazari, kimebaki na jino moja lililochongoka.

"Aliyekata alikuwa haoni, nini?" muuzaji akacheka. "Basi nitakupunguzia."

Roswitha aliligusa lile jino kwa kidole gumba. Akajiona tena na miaka saba, jikoni kwao kijijini Lauscha, baba akipuliza mapambo ya kioo, yeye akikata vishingo kwa mkono wa kushoto, vikitoka mshazari.

"Usipunguze hata senti," alisema. "Kofi la kishingo hiki nilishapigwa."