Mtutu Mpya

Jumatatu, tarehe 20 Mei 2024. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakilowesha mabati ya Mingoyo, na Ignasi hakuweza kutulia kwenye benchi la fundi bunduki.

Risasi za bunduki yake ya urithi hazikupatikana tena madukani, kwa hiyo alikuja kubadilishiwa mtutu, ili bunduki itumie risasi za ukubwa mwingine. Mtutu wa zamani ulikuwa umeshafunguliwa. Fundi aliushika mpya.

"Kibali cha kubadili kipo?"

"Kinakuja," akajibu Ignasi haraka. Hata kukiomba hakuwa amekiomba.

"Funga tu, fundi," akadakia jirani yake mjane, aliyefuatana naye kutoka Nyangamara. "Nguruwe wanamaliza mahindi yangu! Sisi Waislamu hatuwali, lakini wao wanatula. Na wewe kaka, si utapata kitoweo?"

Fundi akacheka. Ignasi hakucheka. Aliuokota mtutu wa zamani, na kidole gumba chake kikapita juu ya maandishi yaliyochorwa kwenye chuma: ukubwa wa risasi, uleule ulioandikwa kwenye leseni yake. Akaanza Salamu Maria kimoyomoyo, akakwama kwenye "utuombee sisi wakosefu".

"Rudisha huu," akasema.

Mjane akasimama. "Na mahindi yangu?"

Ignasi akavua kofia.

"Fundi, nawe dada, nisikieni, na Mungu anisikie. Nimesema uongo, kibali sijaomba. Nakwenda kukiomba leo. Na mpaka kitoke, nitalala mimi kwenye dungu la kulindia shamba lako, nikiwafukuza nguruwe kwa kupiga debe mpaka kuche."