Majibu Kutoka Kawangware

Karani Shivachi alilia akisoma barua ya mapenzi ya mtu mwingine, na mwenye barua akakasirika.

"Manze karani, unalia nini na dame ni wangu?" Musyoka aliuliza. "Soma!"

Shivachi akapangusa macho kwa mkono wa shati, akaurudia ule mstari: "Tangu uondoke, nikitandika kitanda natandika upande wangu tu, ule wako nauacha ulivyouacha."

Musyoka, fundi wa mawe asiyejua kusoma, akakuna kichwa. "Na mimi sijawahi lala kwa Mercyline hata siku moja."

"Hiyo ni lugha ya mapenzi," Shivachi alimwambia.

Mwaka huo wa 1996, msichana wa Kawangware asiye na barua ya mchumba alihesabiwa hana mchumba, hata kama mchumba mwenyewe alifika kwa miguu kila Jumapili. Kwa hiyo vijana wa Kibera walipanga foleni kibandani kwa Shivachi, mtaa wa Kianda, naye akawaandikia. Alikuwa ameandika mamia ya barua, asiweke nakala hata moja. Kisha, miaka mitatu kabla ya hapo, moyo ukafa ganzi. Hakuna aliyemtenda, ulikauka tu.

Alitafuta dawa, Mungu anajua. Nesi alimpa Panadol. Pasta alimwekea mikono kichwani hadi shingo ikauma. Jirani alimshauri akate vitunguu kabla ya kuandika. Machozi yakamtoka tele, akaandika kurasa mbili kuhusu vitunguu. Alikwenda matanga ya watu asiowajua huko Lindi, upande mwingine wa Kibera, na wenzake walipoangua kilio, yeye alikuwa akihesabu viti. Mwishowe akanunua taipureta kuukuu, akidhani tatizo ni kalamu. Barua zikatoka safi, zikisomeka kama ilani ya chifu: "Nakupenda. Nakutarajia Jumapili. Tafadhali zingatia."

Wateja walianza kumkimbia, na hilo pia halikumuuma. Hapo ndipo alipoogopa.

Halafu yakaja haya majibu ya Mercyline. Mercyline naye hakujua kuandika. Aliandikiwa na mshonaji mmoja wa huko Kawangware, jina lake Sella. Kila jibu lilimpasua Shivachi kifua. Akaanza kuwaza mtu mwenye maneno kama yale anacheka vipi, anakunywa chai ya aina gani. Hamu ya kula ikamrudia. Katika barua moja ya Musyoka alichomeka swali lake mwenyewe: je, huyo anayekuandikia ameolewa? Musyoka hakuelewa kabisa kwa nini mpenzi wake alijibu kwamba Sella ni mjane.

Jumamosi iliyofuata Shivachi alivaa shati jipya, akavuka Ngong Road, akapita Dagoretti Corner, akaingia Kawangware huku moyo ukimdunda. Ulikuwa unadunda! Alisimama kando ya barabara makusudi ausikilize.

Alimkuta Sella kwenye cherehani, anashona pindo la sare ya shule. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, asiyependa kusimamishwa kazi.

"Karani wa Kibera ndiyo wewe?" Alimwangalia juu mpaka chini. "Usinikasirikie, lakini barua zako hazina kitu. Nikimsomea Mercyline ananiuliza kama Musyoka ameshtakiwa."

Shivachi hakukasirika. Alifurahi hata kusimangwa.

"Zako zimeniponya," alisema. "Nilikuwa nimekufa ndani, mama. Miaka mitatu. Sasa nalala nikiwaza maneno yako, naamka nayo. Nimekuja kuuliza kama... kama mtu anaweza kukutembelea. Mtu mwenye nia."

Sella akaacha kukanyaga cherehani. Akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Wee! Mimi nitoe wapi maneno kama hayo? Tangu mzee wangu azikwe mimi sisikii kitu, hata kanisani naimba tu na mdomo. Mimi nakopi."

"Unakopi wapi?"

"Wasichana wa hapa wananiletea barua zao niwasomee, tangu zamani. Wakikosana na hao wanaume wanataka kuzichoma, nami nawaambia lete hapa. Zile nzuri nikazishona pamoja. Siku hizi nikiambiwa nijibu mtu, nachagua humo, nabadilisha jina, basi."

Alivuta droo, akatoa furushi la karatasi lililoshonwa kwa uzi mweusi. Hakumpa mara moja. Alilishika kwanza kwa mikono miwili, na uso wake ukalainika kidogo.

"Chini ya hizi barua kuna majina kumi, kumi na tano, lakini mtu ni mmoja, hilo nakuapia. Huyo ndiye umekuja kutafuta, si mimi. Huyo alijua kupenda. Halafu zikakatika hivi, ghafla. Nadhani alikufa." Akashusha pumzi. "Angekuwa hai, ningefunga hii kazi leo leo nimfuate."

Shivachi akalipokea furushi, akafunua karatasi ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wake.