Jiko Moja Msimu Huu

Bibi Seyilkan alilichukua sufuria la uji wa ngano uliopikwa kwa ajili ya kubandika karatasi madirishani, akauonja, akatia chumvi na siagi, akaunywa.

"Bibi!" Begaiym alipiga kelele kutoka juu ya kigoda, vipande vya magazeti vikimning'inia begani. "Hiyo ni gundi!"

"Ni uji. Hebu shuka, mjukuu wangu. Mwaka huu hatuzibi madirisha."

Begaiym, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameomba ruhusa ya wiki moja chuoni Naryn, anakosomea uuguzi, aje amsaidie bibi yake kujiandaa na baridi. Walikuwa wamebaki wawili tu. Na baridi ya milima ile si ya mchezo: ukitema mate, yanafika chini yameshaganda. Katika kila ua kijijini kulikuwa na lundo la makaa ya mawe na ukuta wa samadi iliyokatwa kama matofali ikakaushwa. Uani kwa Bibi Seyilkan kulikuwa na bata mmoja, anatembea kwa raha zake.

"Makaa umeagiza lini?"

"Sijaagiza."

"Na samadi yetu?"

"Nimeigawa."

"Umeigawa! Utaota moto wa nini sasa?"

"Wee, nyumba mbili, majiko mawili, makaa yanateketea mara mbili. Ya nini? Ujinga mtupu." Bibi akachovya kidole kwenye siagi, akajipaka masikioni, kama alivyofanya kila siku tangu Begaiym afike. "Masikio yananisumbua na baridi hii," akasema.

Mchana akapita mzee Dooron, fundi wa majiko, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Ermek, kijana mrefu asiye na maneno, aliyetoka jeshini juzijuzi. Mzee akachungulia jiko, akatikisa kichwa.

"Hili jiko lako, Bi Seyilkan, linakula kama ng'ombe na kupasha kama mshumaa."

"Lako je?"

"Langu! Ndoo moja asubuhi, vyumba vitatu vinatoka jasho mpaka jioni. Ila sisi tuko wawili tu. Chumba cha upande wa jua kinapashwa bure."

"Dhambi hiyo," akasema bibi.

Wakacheka wote wawili, kisha wakamtazama Begaiym. Begaiym akachukua ndoo, akaenda bombani.

Huko akamkuta jirani yao Anarkul, ambaye habari haikai tumboni mwake.

"Hongera, shoga! Nimemwona Uulbala, dada yake mzee Dooron, anachagua hereni za fedha. Anazigeuza, anazipima uzito! Za nani hizo, kama si za nyumba yenu?"

Ndoo ikamponyoka Begaiym. Kwao, wanawake wa nyumba moja wakileta hereni nyumba nyingine, zikaingia masikioni, basi maneno yamekwisha, mtu kashachumbiwa.

"Bibi yako mjanja," Anarkul akaendelea. "Kabla theluji haijaanguka! Mahari ya siku hizi ni lori zima la makaa."

Begaiym alirudi na ndoo nusu na viatu vimelowa.

"Bibi, mimi nataka kumaliza chuo."

"Nani kakukataza?"

"Na hao wageni wanaokuja?"

"Kumbe umesikia." Bibi akageuza uso, akajifanya anatafuta kijiko. "Wakija utamimina chai. Bakuli nusu, kama nilivyokufundisha. Usijaze, wasije wakadhani tunawafukuza."

Kesho yake akaja Uulbala na mawifi zake wawili, na sinia la maandazi ya moto. Begaiym alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka mashavuni, fundo mara mbili, masikio hayaonekani. Akakaa na birika. Akamimina bakuli la kwanza mpaka ukingoni. La pili mpaka ukingoni. La tatu likamwagikia kitambaa cha chakula.

Mawifi wakatazamana.

"Seyilkan," akasema Uulbala, akicheka, "mjukuu wako anatufukuza."

"Ana haya."

"Haya gani! Ana hasira huyu. Si kitu, atatuzoea. Moshi wetu ni mmoja sasa."

Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa chekundu, akakifunua. Hereni mbili za fedha zikameremeta. Begaiym akaweka birika chini kwa kishindo, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mimi Jumatatu narudi chuo! Hata mkinifunga kamba!"

"Rudi, mwanangu," akasema Uulbala. "Nani kakushika?"

Akajivuta kwa magoti juu ya zulia, akampita yeye na birika lake.

Bibi Seyilkan akalegeza kitambaa chake kichwani, akainamisha shingo, mashavu yamemwiva.

"Anza na la kulia," akasema. "La kushoto tundu lilikuwa limeziba, wifi yangu, siagi ya wiki nzima ndiyo kwanza inalilainisha."